Mshumaa wa Bi Rispa

Nilikuwa na miezi mitatu tu kazini
nilipomuua Bi Rispa Nasipwondi wa Chwele.
Sikumgusa. Kidole kiliteleza
kwenye kompyuta ya ofisi, usiku,
jina likahama orodha ya wajumbe
likatua orodha ya marehemu.

Ijumaa sikujua bado.
Mabasi yaliingia Nakuru tangu saa nne,
ya Busia, ya Migori, ya Maralal,
na Dada wa Kisima wakashuka na vilemba vya zambarau,
mito kwapani, chupa za chai mkononi,
wakaijaza shule ya wasichana iliyofungwa Agosti.
Upepo wa Menengai ulipekua karatasi zangu.
Nilizikandamiza kwa stepla, kwa simu, kwa kiwiko,
nikiuliza: Jina? Tawi? Ada ya mwaka umelipa?
Aliyelipa nilimpa beji, kalamu,
na kitanda, cha juu au cha chini.
Walimu wakuu wastaafu waligombea cha juu.
Usiku niliwasikia gizani wakicheka,
wakimwita mwenzao wa miaka sabini "fomu wani".

Mimi si Dada wa Kisima.
Beji yangu iliandikwa OFISI, basi,
nao wakaniita hivyo.
Ofisi, maji yameisha.
Ofisi, kipaza sauti kinakoroma.
Ofisi mwanangu, umekula?
Walipoimba wimbo wa chama, mikono imeshikana ukumbi mzima,
nilisimama karibu na swichi
nikichezesha midomo kama samaki.

Jumamosi jioni ndiyo saa ya waliotangulia.
Mishumaa arobaini na mmoja mezani.
Niliihesabu mara mbili, maana Mweka Hazina,
Bi Taprandich, haamini hesabu ya mara moja.
Katibu akavaa miwani, akasoma.
Jina, kengele, kimya, njiti ya kiberiti.
Turfosa Adundo wa Ahero.
Keziah Wangeci wa Subukia.
Moto mdogo baada ya moto mdogo,
nami, Mungu anisamehe, nikaanza kuona fahari:
hakuna jina lililokosewa hata herufi.
"Rispa Nasipwondi wa Chwele."
Kengele.
Kimya.
Na kutoka safu ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni,
sauti isiyo na haraka:
"Nipo."

Sijui kimya kile kilidumu kiasi gani.
Najua njiti iliungua hadi kwenye kucha ya Katibu.
Najua tumbo langu lilishuka likafika Naivasha.
Kisha mmoja akapasuka, halafu safu nzima,
halafu ukumbi wote, wanajipiga mapaja,
na waliokuwa wakilia kwelikweli
wakacheka na machozi yaleyale, hawakubadilisha.
Bi Rispa akasimama ili wamwone vizuri.
"Na ada nimelipa," akasema. "Mtanirudishia?"

Majina yaliyobaki yalisomwa kwa hadhari,
Katibu akichungulia mlangoni baada ya kila moja.

Nilimkuta nje kwenye ngazi za bweni,
simu sikioni, akiwasimulia wa kwao
kwa Kibukusu habari za kifo chake.
Nilikuwa nimeandaa maneno ya ofisi,
tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza.
Yaliyotoka ni "Mama, nisamehe."
Akaigeuza beji yangu kwenye mwanga, mbele, nyuma.
"Ofisi ni mtoto wa nani?"
"Naitwa Vugutsa."
"Haya, Vugutsa. Mshumaa wangu uko wapi?
Kwetu mvua ikinyesha tu, stima imekwenda."

Jumapili mabasi yaliondoka. Nilifagia njiti,
nikakaa peke yangu na fomu ya Bi Taprandich.
Mishumaa iliyonunuliwa: 41.
Iliyowashwa: 40.
Kwenye nafasi ya maelezo niliandika, nikafuta,
nikaandika tena:
mmoja umechukuliwa na mwenyewe.